Chupa ya maji mezani: mihadhara ya wanakemia hapa Nakuru

Mara ya kwanza nilienda kwa sababu ya sabuni. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa duka ninaponunua kemikali zangu, limeandikwa kwa kalamu nene: mhadhara wa wazi wa kemia, Jumamosi saa nane mchana, hakuna kiingilio, watu wote mnakaribishwa. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa mwandiko tofauti: "Kama unatumia maji ya kisima, njoo nayo kwenye chupa safi."

Mimi hutengeneza sabuni ya maji nyumbani kwangu Kiamunyi, nauza kwa mitungi ya lita tano na ya lita ishirini, kwa hoteli, saluni na majirani. Shule niliishia kidato cha pili. Kazi hii nilifundishwa na rafiki kwa siku mbili, pima hiki, koroga kile, na kwa miaka kumi na mmoja nimekoroga bila kujua ni nini kinatokea ndani ya pipa. Nilipoona neno kemia mlangoni pa duka lilelile ninalonunua ungerol, ile kemikali nzito inayotoa povu kwenye sabuni ya maji, nilihisi kwamba tangazo lilinilenga mimi.

Tangu siku hiyo nimehudhuria vikao sita vya chama cha wanakemia kinachoandaa mihadhara hii. Naandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama ni haki kufunga biashara Jumamosi mchana, siku tunayouza zaidi, ili akakae kwenye kiti cha plastiki kusikiliza habari za elementi. Mimi namwambia aende. Si vikao vyote vilivyonifaa, na kimoja kilinikasirisha, lakini kile cha maji peke yake kimebadilisha jikoni mwangu, na kile cha sabuni kimenirudishia pesa.

Ukumbi wenyewe ni wa kanisa, mwendo wa dakika saba hivi kwa miguu kutoka Barabara ya Kenyatta. Kuna meza ndefu mbele, ubao mweupe na feni moja. Chai ya maziwa na mandazi mawili ni shilingi 50, na hiyo ndiyo pesa pekee utakayotoa ukitaka. Wanachama ni walimu wa vyuo na wa sekondari, watu wa kupima maji, na wastaafu wa viwandani. Wanaosikiliza ni wa kila aina: wanafunzi wa chuo kutoka Njoro, mafundi wa kuchimba visima, wakulima wa Bahati na Subukia, mama mboga, wazee waliovaa suti kamili.

Siku ile ya kwanza nilitarajia sabuni nikakuta maji.

Msemaji alikuwa mama wa makamo, mpima maji kwa kazi. Wenzake walimwita Daktari, sisi tukamwita Mwalimu. Hakuwasha mashine ya picha. Alikusanya chupa zetu, akaziandika namba, akazipanga mezani mstari mmoja kama bidhaa za duka. Kisha akachukua chupa tatu tupu. Ya kwanza akaitia maji ya mvua. Ya pili akaitia maji kutoka chupa yangu, ya kisima cha jirani ambapo sote mtaani tunanunua. Ya tatu maji ya mvua tena, lakini akayeyusha ndani yake kijiko cha chumvi ya kalsiamu. Akatoa kipande cha sabuni ya Menengai, ile inayotengenezwa hapahapa Nakuru, akaikwangua kwa kisu, akagawa makwangua sawasawa katika chupa zote tatu, akamwita kijana mmoja azitikise.

Chupa ya mvua ikajaa povu hadi shingoni. Yangu nayo ikajaa povu hadi shingoni. Ya tatu haikutoa povu hata kidogo. Ilifanya vipande vyeupe vinavyoelea, kama maziwa yaliyokatika.

Akauliza, "Hapa ni akina nani hufua nguo?" Mikono ikainuka, mingi ya akina mama. "Mngepewa, mngefulia maji ya chupa ipi?" Tukaonyesha ya kwanza na ya pili. Akainua ile ya pili, yangu, akasema, "Haya ni maji matamu kwa kufua. Na kwa sababu hiyohiyo ndiyo yanayoharibu meno ya watoto wetu."

Ukumbi ulinyamaza. Hapo ndipo nilipoacha kuangalia saa.

Alieleza hivi, nami naeleza jinsi nilivyoelewa. Miamba ya Bonde la Ufa ilitoka kwenye volkano, na ndani yake kuna floraidi nyingi. Maji yanayokaa chini ya ardhi muda mrefu yanaichukua polepole. Kama maji hayo yangekuwa na kalsiamu ya kutosha, kalsiamu ingeishika floraidi, vikawa jiwe, vikabaki hukohuko chini. Lakini maji yetu mengi yana sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo sana. Floraidi haipati wa kuishika, inapanda na pampu hadi kwenye mtungi. Na kalsiamu ndiyo inayokorofisha sabuni na kuizuia kutoa povu. Kwa hiyo maji yanayotoa povu kwa urahisi na maji yenye floraidi, huku kwetu, mara nyingi ni maji yaleyale.

Kisha akatuonyesha kwa macho. Bilauri mbili, zote zina maji yasiyo na rangi, moja ya floraidi na moja ya kalsiamu. Akamimina moja ndani ya nyingine. Wingu jeupe likatokea katikati, likatanda, na baada ya dakika chache likaanza kushuka chini kama vumbi. "Hilo ndilo jiwe," akasema. Nilikuwa nimekaa safu ya pili na niliona kila kitu.

Kwa miaka kumi na mmoja nimekisifu kisima kile kwa wateja wangu. Nimekuwa nikiwaambia tumia kofia moja tu ya sabuni, maji ya kwetu yanapenda povu. Sikuwa nadanganya. Sikujua tu kwamba nilichokuwa nikikisifu ni kukosekana kwa kitu kimoja, na kwamba kukosekana huko ndiko kulikochora meno yangu.

Maana meno yangu ni ya kahawia. Nimezaliwa Elementaita, nikanywa maji ya kisima tangu nikiwa mtoto mchanga. Nilipoolewa Kakamega, mama mkwe wangu, Mungu ampe maisha marefu, alinihurumia akidhani sikufundishwa kupiga mswaki. Alinisagia mkaa, akauchanganya na chumvi, akanionyesha jinsi ya kusugua. Nikasugua mwezi mzima hadi fizi zikatoka damu. Rangi haikutoka. Kwa miaka mingi nilijifunza kucheka nimefunga mdomo kwa kiganja.

Mwalimu akasimulia kwamba mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta watoto wa huko wana meno ya kahawia kama yetu. Watu walikuwa na maelezo yao: wengine walisema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine ni maziwa mabaya. Alifuatilia jambo hilo miaka na miaka. Mwaka 1931 ndipo mkemia Churchill alipopima maji na kukuta ni floraidi. Miaka thelathini ya kutafuta, kwa watu waliokuwa na maabara. Na mama mkwe wangu alikuwa na mkaa tu na nia njema.

Akaeleza pia kwamba ile kahawia si uchafu wala si floraidi yenyewe unayoiona. Floraidi ikizidi wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi, ganda lake la nje linatoka na vitundu vidogo visivyoonekana, halafu rangi inaingia baadaye. Mswaki haufiki huko. Na jino likishakamilika halidhuriki tena kwa namna hiyo, kwa hiyo wa kulindwa ni watoto, hasa hadi miaka minane hivi. Kitinda mimba wangu ana miaka minne. Nilitokwa machozi pale pale, na mama niliyekaa naye, ambaye sikumjua, akanishika mkono bila kuuliza.

Baadaye walipima chupa zetu moja moja. Wanatia dawa nyekundu kwenye maji kidogo, na kadiri floraidi inavyozidi ndivyo wekundu unavyofifia, halafu kimashine kinasoma rangi na kutoa namba. Maji ya mvua yalibaki mekundu. Yangu yalipauka. Kimashine kikaandika 3.8. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Maswali yaliyofuata ndiyo yaliyonifundisha zaidi, kwa sababu yalitoka jikoni. Je, nikichemsha? Hapana, ukichemsha maji yanapungua na floraidi inabaki palepale, inazidi kukolea. Je, dawa ya klorini? Inaua vijidudu, floraidi haiigusi. Je, magadi? Hapo nilitega sikio, kwa sababu bwana yangu ni Mluhya na kwetu mrenda haupikwi bila magadi. Akasema magadi ya ziwani yanaweza kubeba floraidi nyingi, tupunguze, hasa kwenye chakula cha watoto, na kwamba hata majani ya chai yanayo, kwa hiyo mtoto mdogo asipewe chai ya rangi kila saa.

Dawa aliyoitaja ni makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo hadi inakuwa myeusi, inasagwa, inajazwa kwenye chujio, na maji yanapita polepole. Madini ya mfupa ni ya aina moja na madini ya jino, na yanavuta floraidi na kuishika. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi ya chujio hizo kwa miaka mingi. Mzee mmoja wa Bondeni, kofia yake ya kushona kichwani, akasimama akauliza kwa adabu kama kuna mfupa wa nguruwe ndani yake, kwa maana yeye na majirani zake hawangeweza kunywa. Mwalimu hakumpuuza. Alimjibu kwamba ni ya ng'ombe, kisha akasema swali hilo ni la haki na kila anayeuza chujio anapaswa kulijibu kwa maandishi. Nilimheshimu sana kwa jibu lile. Aliongeza kwamba makaa hayo yanachoka, yakishashiba floraidi hayafanyi kazi tena, na anayeuziwa chujio bila kuambiwa ni lini abadilishe amepewa nusu ya dawa.

Nyumbani tulibadilisha jambo moja wiki hiyohiyo. Pipa la lita 210 la maji ya mvua lilikuwa la kuoshea. Sasa ndilo la kunywa na kupikia, lina kifuniko na bomba, na mvua ya kwanza ya msimu tunaiacha imwagike ioshe mabati. Kisima kimebaki cha kufua, kuoga na kutengenezea sabuni.

Kikao cha pili kilikuwa cha pareto, ua linalotoa dawa ya kuua wadudu, na hiki nitakisema kwa ufupi ingawa nilikipenda. Msemaji alikuwa mzee aliyestaafu, aliyepima maua ya pareto kiwandani maisha yake yote ya kazi. Alileta kikapu cha maua makavu. Akapasua ua moja kwa kucha, akatuonyesha vijimbegu vilivyojibana katikati: dawa karibu yote iko humo, si kwenye zile petali nyeupe. Nyanya yangu alikuwa na shamba Molo, na likizo zote tulivuna kwa vikapu vya mgongoni, lakini hakuna aliyewahi kutuambia tulikuwa tukivuna nini. Zao hilo liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo mingi nchi yetu ndiyo iliyoongoza dunia nzima. Umbo la dawa yenyewe lilifumbuliwa Zürich na Hermann Staudinger na Leopold Ružička, wakachapisha mwaka 1924, na wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel, ingawa kwa kazi nyingine. Jua linaiharibu dawa hiyo kwa saa chache, ndiyo maana haidumu shambani, na ndiyo maana wanakemia walitafuta ndugu zake wa kutengenezwa wanaostahimili mwanga, wale wanaotiwa leo kwenye vyandarua. Mzee alimwachia kila mmoja ua moja aende nalo. La kwangu liko ndani ya Biblia.

Sasa sabuni. Niliingoja kwa miezi miwili.

Kabla ya hapo niliwahi kuharibu lita sitini kwa siku moja. Hoteli moja ilitaka sabuni nzito, ambayo haimwagiki upesi. Aliyeniuzia vifaa akaniambia dawa ya uzito ni chumvi. Nikatia chumvi, ikawa nzito, nikafurahi. Nikatia tena ili izidi, ikaanza kulegea. Nikadhani chumvi haijatosha, nikatia nyingine. Kufikia jioni nilikuwa na pipa la maji ya chumvi yenye harufu ya limau. Nilimwaga yote, na deni la ile ungerol nililipa miezi mitatu.

Kwenye kikao, mwalimu kijana wa sekondari alipanga mitungi sita ya kioo yenye mchanganyiko uleule wa ungerol na maji. Wa kwanza hakuutia chumvi. Wa pili kijiko kimoja, wa tatu viwili, akaendelea hivyo hadi vitano. Akakoroga kila mmoja, akadondosha gololi ndani yake, akatuambia tuhesabu pamoja kwa sauti hadi gololi iguse chini. Wa kwanza hatukumaliza kusema moja. Wa tatu tulifika tisa. Wa nne tulifika kumi na nne. Wa tano, nne tu. Wa sita gololi ilizama kama kwenye maji. Pale niliona lita zangu sitini zikipita mbele ya macho yangu, hatua kwa hatua.

Sababu aliichora ubaoni. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zinakusanyika mikia ndani, vichwa nje, zinafanya vidonge vidogo. Vichwa vinasukumana, chumvi inapunguza kusukumana huko, chembe zinabanana zaidi, na vile vidonge vinarefuka vinakuwa nyuzi. Nyuzi zikizongamana kama mkonge, sabuni inakuwa nzito. Chumvi ikizidi, ule mzongamano unalegea na unabaki na majimaji. Nikauliza: aliyezidisha afanye nini? Akasema asimwage, aongeze ungerol na maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, ili chumvi irudi kwenye kipimo chake. Lile jibu lingenipata mapema, deni la miezi mitatu nisingelijua.

Tangu hapo natia chumvi iliyoyeyushwa, kijiko baada ya kijiko, naandika kwenye daftari, na nina gololi yangu ya mtihani jikoni. Hoteli ile imerudi kununua.

Lakini katika kikao hichohicho kulikuwa na jambo ambalo sitalinyamazia. Mmoja wa wasaidizi alipima kostiki soda kwa mikono mitupu, bila miwani, na watoto wamesimama karibu na meza. Nina kovu la kostiki kwenye mkono wa kushoto, refu kama kidole, tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilipomimina maji juu ya kostiki badala ya kutia kostiki ndani ya maji, ikachemka na kuruka. Wengi wetu tunaokuja pale tunakwenda kuyafanya yaleyale nyumbani, na tunayafanya tulivyoyaona. Mwanakemia akivaa glavu mbele yetu, nasi tutazinunua. Nilimwendea mwenyekiti baada ya kikao nikamwonyesha kovu. Alinisikiliza, na kikao kilichofuata miwani ilikuwepo, jozi tatu. Jozi tatu hazitoshi meza yenye watu sita, lakini walisikia.

Kikao cha nne ndicho kilichonikasirisha. Mgeni aliyealikwa alisoma slaidi zake kwa Kiingereza kwa karibu saa mbili, mgongo ukiwa umetuelekea, kuhusu chembe ndogo mno za madini ambazo kazi yake sikuielewa hadi mwisho. Hakukuwa na chupa, wala ua, wala kitu chochote mezani. Wakulima wa Subukia waliondoka mmoja mmoja, wakiinama ili wasizibe picha. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Nimelipa nauli ya mia mbili." Sisemi mada ilikuwa mbaya, huenda ina manufaa makubwa. Nasema kwamba tangazo liliandikwa kwa Kiswahili na mlango ukafunguliwa kwa watu wote, kwa hiyo maneno nayo yalipaswa kufunguliwa. Mwalimu wa maji alisema floraidi, kalsiamu, miligramu, kila kitu, kwa Kiswahili, na wanachuo wa Njoro walikuwa wakiandika sawa na sisi.

Kuhusu muda pia: saa nane ya tangazo ni saa tisa kasorobo ukumbini. Kila mara. Anayetoka Molo au Gilgil na anataka kurudi kabla ya giza anapoteza maswali, na maswali ndiyo mazuri kuliko yote. Na kipaza sauti hakuna, kwa hiyo wahi safu za mbele.

Cha tano kilihusu zebaki kwenye dhahabu. Mimi nilidhani hakinihusu, hadi walipotaja Migori na Ikolomani. Shemeji yangu huosha dhahabu Ikolomani. Zebaki inakamata punje za dhahabu kwenye matope, halafu inachomwa ili iondoke, na mvuke wake unaingia mapafuni bila harufu wala onyo. Wengine huichoma kwenye sufuria ya nyumbani. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha mkataba wa kuipunguza, uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu waliugua na kufa kwa kula samaki wenye zebaki kutoka kiwandani. Nilimpigia shemeji simu usiku uleule. Alisema wao huchomea nje. Nikamwuliza, upande gani wa upepo, na watoto hukaa wapi? Alikaa kimya, kisha akasema atahamisha.

Na cha sita kilikuwa cha watoto. Maji ya kabeji nyekundu, zambarau kabisa, kwenye vikombe vidogo. Ukidondosha limau yanakuwa mekundu kama waridi, ukitia magadi yanageuka kijani. Kitinda mimba wangu alitia limau, halafu magadi, halafu limau tena, akaona rangi ikienda na kurudi, akakataa kabisa kutoka. Sasa kila nikipika kabeji nyekundu ananiomba maji yake.

Siku hiyo mwenyekiti alisimulia habari za Michael Faraday, kijana wa London aliyekuwa akijifunza kujalidi vitabu. Mwaka 1812 mteja alimpa tikiti za kusikiliza mihadhara ya Humphry Davy. Aliandika yote aliyosikia, akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea Davy, na mwaka uliofuata akaajiriwa kwenye maabara. Baadaye yeye mwenyewe akawa msemaji mkubwa kwenye mihadhara ya Krismasi iliyoanza huko mwaka 1825, na ambayo inaendelea hadi leo. Nilipenda kwamba alikuwa fundi, na kwamba alikwenda na daftari.

Ukiuliza nyota, nawapa nne kati ya tano, na ile ya tano naiweka mezani wakiniahidi kuanza saa nane kamili. Kwa anayeuza maji, anayechimba kisima, anayetengeneza sabuni au dawa ya choo, na kwa mzazi yeyote mwenye mtoto chini ya miaka minane hapa Nakuru, kikao cha maji usikikose kikirudiwa. Nendeni na chupa, na mandazi yachukueni mapema kwa maana huisha.

Nao watakirudia mwezi ujao, safari hii kwa vipimo vya nyumba kwa nyumba. Nimeshaosha chupa tatu, zimekauka, nimezibandika karatasi. Moja ni ya kisima kipya kilichochimbwa nyuma ya shule ya chekechea. Ya pili ni ya pipa letu la mvua, nijue kama nimefanya sawa. Ya tatu imetoka Elementaita, kwenye kisima kilekile nilichonywa nikiwa mtoto. Dada yangu aliituma jana kwa matatu, imefungwa kwa nailoni mbili, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: usimwage.